Fremu Ishirini kwa Siku Nane: Kuandaa Maonyesho ya Picha Kisumu kwa Pesa Kidogo

Ukumbi hupatikana ghafla. Aliyekuwa ameukodi ameahirisha, msimamizi anakupigia simu Alhamisi asubuhi na kukuuliza kama unaweza kufungua maonyesho Ijumaa ya wiki ijayo. Unakubali kabla hajamaliza kusema. Picha unazo: wavuvi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria, wakivuta mitumbwi alfajiri, magugumaji yaliyofunika ghuba, akina mama wakipanga samaki. Jioni ndipo unapokumbuka kwamba picha haikai ukutani yenyewe, na kwamba pesa za fremu ishirini kutoka duka la fremu za harusi huna.

Nimepitia wiki kama hiyo. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningeufuata leo.

Hesabu siku za kazi, si siku za kalenda

Kutoka Alhamisi hadi Ijumaa inayofuata unaona siku nane. Kwa fundi seremala wa Kisumu huenda ni tano tu. Mafundi Waadventista hufunga karakana jua la Ijumaa likitua, na hawafungui hadi Jumamosi jioni. Wengine mwisho wa wiki huwa wamekwenda mazishini huko mashambani, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa hilo. Kwa hiyo fundi akikuambia "njoo Jumamosi", muulize tena kwa upole kama kweli atakuwepo.

Ratiba yangu ingekuwa hivi: Alhamisi na Ijumaa ni za kupima ukuta, kuchagua picha na kumpata fundi. Jumapili ni ya soko la Kibuye. Jumatatu hadi Jumatano ni za mbao, vioo na uchapishaji. Alhamisi ni ya kutundika, wala usiruhusu kazi nyingine yoyote iingie siku hiyo.

Pima ukuta kabla ya kuchagua picha

Chukua tepu uende ukumbini siku hiyo hiyo. Fremu ya kulala yenye upana wa sentimita 60, ukiiachia nafasi ya sentimita 30 kabla ya inayofuata, inakula sentimita 90 za ukuta. Fremu ishirini za namna hiyo zinahitaji mita 18 za ukuta mtupu, usio na dirisha, mlango wala swichi ya taa. Kumbi nyingi hazina ukuta huo. Ukipata mita 13, una nafasi ya picha kumi na nne, na hapo umeokoa gharama ya fremu sita bila kuomba punguzo kwa mtu yeyote.

Ukiwa hapo tazama madirisha. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa kumi na moja jioni huingia moja kwa moja kupitia madirisha ya magharibi. Ukuta unaotazamana na madirisha hayo utageuza kila kioo kuwa kimulimuli. Uandike pembeni: picha za hapo hazitakuwa na kioo.

Halafu muulize msimamizi swali moja: ninaruhusiwa kupigilia misumari? Jibu lake ndilo litakaloamua uzito wa fremu zako.

Fremu kwanza, kuchapisha baadaye

Hili ndilo kosa lililonigharimu, na ninaomba ulisome mara mbili. Nilikimbilia studio nikachapisha picha zote kwa inchi 12 kwa 18, nikiamini kwamba ukubwa huo ni wa kawaida na fremu zake zitapatikana tu. Nilizozipata kwa bei nafuu zilikuwa za A3. Nikanunua kumi na nne, nikafika nyumbani, picha haziingii. Inchi 12 kwa 18 ni sentimita 30.5 kwa 45.7, lakini A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Ilinibidi nikate karibu sentimita nne kwenye urefu wa kila picha. Katika mojawapo, mkono wa mzee aliyeshika kamba ya mtumbwi ulikwenda na kile kipande kilichokatwa, na ule mkono ndio uliokuwa picha yenyewe.

Uchapishaji ndiyo kazi ya haraka kuliko zote katika wiki hii. Studio yenye mashine yake huimaliza siku hiyo hiyo. Fremu ndizo zinazochelewa. Tafuta fremu kwanza, kisha chapisha kulingana nazo.

Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2, na uwiano huo unaingia bila kukatwa katika inchi 8 kwa 12 na inchi 12 kwa 18. Simu nyingi hupiga 4 kwa 3, ambayo ni sawa na inchi 12 kwa 16. Karatasi za A3 na A4 zina uwiano wao wenyewe, na picha ya kamera ikijazwa humo hupoteza karibu sehemu 6 kwa 100 ya urefu wake. Si vibaya, mradi uamue mwenyewe kipi kikatwe badala ya kuiachia mashine.

Pa kuzitafuta

Anza kwa kuazima, kabla hujatoa hata shilingi. Studio za mjini huwa na fremu za maonyesho zilizotundikwa ukutani au zilizowekwa nyuma ya kaunta. Shule, kanisa, ofisi ya rafiki, sebule ya shangazi yenye picha za mahafali: fremu ziko nyingi kuliko unavyodhani. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe, na useme tarehe ya kurudisha. Kabla ya kuondoka nayo, ipige picha mbele na nyuma, bandika masking tepu mgongoni, uandike jina la mwenyewe na namba, kisha namba hiyo uiandike pia daftarini. Picha ya mwenyewe iliyokuwa ndani itie bahasha yenye namba ile ile. Mtu atakusamehe kwa kuchelewa kidogo, lakini si kwa kupoteza picha ya pekee ya marehemu babake.

Jumapili nenda Kibuye, siku ambayo soko hufurika. Fika mapema, kabla jua halijawa kali. Kati ya mitumba na vyombo vya nyumbani vilivyotumika utakuta fremu za kila aina, nyingine zikiwa bado na maua ya plastiki au mandhari ya theluji ndani yake. Usitazame picha wala rangi. Zishike kona mbili zinazokabiliana uipinde fremu kidogo: ikicheza, gundi imekufa, iache. Kioo kikiwa na mkwaruzo mdogo pembeni, chukua. Unachonunua hapo ni ubao, kioo na mgongo kwa pamoja, kwa hiyo ukitaka kujua kama bei ni nzuri, ilinganishe na bei ya kioo kipya cha ukubwa huo, maana kioo ndicho mara nyingi hupandisha gharama ya fremu. Ukinunua kadhaa kwa muuzaji mmoja, zipange zote mbele yake kwanza, ndipo uanze kuzungumzia bei ya mzigo mzima.

Fremu za mitumba hazitafanana, na hapo wengi hukata tamaa. Zinaunganishwa na vitu viwili: rangi moja, nyeusi isiyong'aa, na kadi ya pambizo, ile inayoizunguka picha ndani ya fremu, ya upana mmoja. Nimeona ukuta wenye fremu tisa za asili tisa ambao mtazamaji hakuutilia shaka, kwa sababu pambizo zote zilikuwa nyeupe na sawa.

Supamaketi na maduka ya zawadi mjini yana fremu mpya, lakini nyingi ni za A4 kushuka chini. Zinafaa kwa mfululizo wa picha ndogo zilizotundikwa pamoja kama familia. Picha moja ya A4 peke yake kwenye ukuta mkubwa hupotea.

Kuagiza kutoka Nairobi na kutumiwa kwa basi la usiku kunawezekana. Ukifanya hivyo agiza fremu bila vioo, vioo ukate Kisumu. Kilomita zaidi ya 300 za barabara si rafiki wa kioo.

Kwa fundi seremala

Ukitaka fremu nyingi zinazolingana, hii ndiyo njia yenyewe, na ndiyo inayohitaji maandalizi zaidi. Usiende kwa mtu wa fremu za picha. Nenda kwa watengenezaji wa vitanda na sofa, upande wa Kibuye au Kondele, ambao huwa na vipande virefu vyembamba vilivyobaki kwenye kazi kubwa. Kwao hayo ni mabaki, lakini kwako ndiyo malighafi. Fundi wangu alipoona orodha yangu aliniuliza, "Omera (ndugu, kwa Kijaluo), hizi ni fremu au ni milango?" Nikamchorea, akaelewa, na tangu hapo akawa makini kuliko mimi.

Chagua ukubwa mmoja tu. Mimi hutumia sentimita 40 kwa 55 kwa ndani, pale kioo kinapokaa. Picha ya inchi 12 kwa 18 inakaa humo ikiwa na pambizo la sentimita 5 kila upande, bila hesabu ya ziada.

Mabaki yasipotosha, nunua mbao za futi 12, zilizopigwa randa, zenye uso wa takriban sentimita 2.5. Kila fremu inataka vipande viwili vya sentimita 61 na viwili vya 46, ukishahesabu kona na akiba kidogo ya msumeno. Kwa fremu ishirini kata hivi: mbao nane, kila moja itoe vipande vitano virefu na kimoja kifupi, mbao tano, kila moja itoe vifupi saba. Jumla ni mbao 13, na unabakiwa na vifupi vitatu vya akiba. Nunua 14, kwa sababu mmoja hautakosa fundo baya. Usipompa fundi orodha hii ya kukata, atakata fremu moja moja kutoka kila ubao, na utarudi kununua mbao nyingine.

Ubao mbichi ndio adui. Saiprasi iliyopasuliwa juzi ni nzito, ni baridi ukiishika, na ina harufu kali. Kona itakayofungwa vizuri Jumatatu itakuwa imefumuka Ijumaa. Lipia zaidi kidogo upate uliokauka. Shika kila ubao, uinue hadi usawa wa jicho na utazame urefu wake kama unayelenga, uliopinda urudishe.

Ule mfereji wa ndani ambamo kioo hukaa ndio huwatisha mafundi wasio na mashine ya kuuchonga. Dawa yake ni rahisi: jenga fremu kwa tabaka mbili. Mbele uso wa sentimita 2.5, nyuma yake kipande chembamba zaidi (hakimo katika zile mbao 13) kilichobandikwa kwa gundi ya mbao na misumari midogo, kikiwa sawa na ukingo wa nje. Ile tofauti ya upana kwa ndani ndiyo mfereji wenyewe. Kazi hii hufanyika kwa msumeno wa mkono, jambo la maana siku stima ikipotea.

Kona zote zikatwe kwa nyuzi 45, na kipande cha juu na cha chini vipimwe kwa kuwekwa pamoja, si kwa tepu. Ukiwa hapo hakikisha pembe kwa kupima mishazari yote miwili: ikilingana, kona zote ni za nyuzi 90. Isipolingana, isukume kabla gundi haijashika.

Kuhusu malipo, nunua mbao mwenyewe ukiwa na fundi, umlipe nusu ya ufundi kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki, na nusu siku ya kuchukua. Kabla hajaanza zote, mwambie: "Fundi, nitengenezee moja kwanza, nije niione." Subira ya saa mbili kwa fremu hiyo moja iliwahi kuniokoa: mfereji ulikuwa na kina kidogo mno, kioo, kadi na ubao wa nyuma havikuenea. Ingekuwa ishirini, ningelia.

Rangi iwe ya maji, nyeusi au nyeupe isiyong'aa, mikono miwili, na msasa laini katikati. Rangi ya mafuta hukaa na harufu, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei haikauki upesi. Wageni hawatasahau ukumbi ulionuka rangi.

Kioo, pambizo na mgongo

Kioo cha milimita 3 chenye ukubwa wa sentimita 40 kwa 55 kina uzito wa kilo 1.6 hivi. Vioo ishirini ni zaidi ya kilo 32, na uzito huo wote utaning'inia kwenye misumari. Ndiyo maana nasema fikiria kama unakihitaji. Kwa maonyesho ya wiki mbili ndani ya ukumbi, picha iliyochapishwa kwenye karatasi isiyong'aa inapendeza zaidi bila kioo. Rangi nyeusi huonekana nyeusi kweli, na mtazamaji hajioni mwenyewe usoni pa mvuvi. Weka kioo kwa picha utakazouza na zile zilizo karibu na mlango ambapo mikono ya watoto hufika.

Ukiweka kioo, kikatwe kikiwa kidogo kuliko nafasi kwa milimita 3 kila upande. Na kamwe picha isigusane nacho. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na picha iliyobanwa kwenye kioo hunata. Ukiivuta inaacha ngozi yake hapo. Kadi ya pambizo ipo kwa ajili hiyo pia, si kwa urembo tu.

Pambizo likate mwenyewe nyumbani kutoka kwenye kadi nyeupe nene au manila mbili zilizobandikwa pamoja. Dirisha liwe sentimita 30 kwa 45, ili lifunike ukingo wa picha kwa milimita tatu hivi kila upande. Tumia rula ya chuma na wembe mpya, ubadilishe wembe kila baada ya madirisha manne, na ukate kwa kupitisha mara tatu taratibu badala ya mara moja kwa nguvu. Picha ibandikwe kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi upande wa juu peke yake, chini iachwe huru, kwa sababu karatasi hupanuka na kusinyaa. Ukibandika pande zote nne itajikunja mawimbi usiku mmoja. Manila ya kawaida hugeuka manjano kwa miaka, kwa hiyo atakayenunua picha mbadilishie kadi bora.

Mgongo ni hadibodi. Bamba moja la futi 4 kwa 8 linatoa vipande 12 vya sentimita 40 kwa 55; mabamba mawili yanakutosha na kubaki. Uufunge kwa skrubu fupi badala ya misumari, utaelewa sababu baadaye.

Pesa zikiisha kabisa

Kumbuka ramani za darasani, zile zenye ubao juu na ubao chini. Fanya hivyo hivyo: vipande viwili vyembamba vikibana ukingo wa juu wa picha, viwili ukingo wa chini, na kamba ya katani ya kuning'inizia. Ubao wa chini huivuta picha ikanyooka. Hakuna kioo, mgongo wala kona za kukata, na fundi humaliza ishirini kwa siku moja. Ningetundika hizi kwa fahari kuliko fremu mbovu za plastiki ya dhahabu.

Kama ukumbi umekataa misumari, kuna mafunjo. Mikeka ya mafunjo ya kando ya ziwa, ikisimamishwa kwenye fremu kubwa za mbao zenye miguu, inakuwa ukuta mwepesi wa rangi ya asali, na kwa picha za Dunga sijui ukuta unaozifaa zaidi. Ning'iniza picha nyepesi tu, kamba ikifungwa kwenye ubao wa juu, si kwenye mkeka.

Kubeba na kutundika

Usibebe fremu kwa bodaboda, hata mwendeshaji akikuhakikishia vipi. Chukua tuktuk. Zipange zikiwa zimesimama kwa ukingo, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, kitambaa au katoni katikati, na mtu mmoja akae nazo nyuma. Kioo kilicholazwa hupasuka kwenye tuta la kwanza.

Ukumbini chora kwa penseli mstari hafifu wa sentimita 150 kutoka sakafuni. Hapo ndipo katikati ya kila picha pakae, iwe kubwa au ndogo. Kupata mahali pa msumari, ongeza nusu ya kimo cha fremu kwenye 150, kisha utoe umbali kutoka ukingo wa juu hadi pale waya unapofika ukivutwa juu kwa kidole. Fremu ya kimo cha sentimita 60 ambayo waya wake unafika sentimita 8 chini ya ukingo: 150 ongeza 30 toa 8, msumari ni 172. Waya uufunge kwenye vipete viwili vilivyo theluthi moja kutoka juu, na uzungushe ncha zake mara sita. Ukuta wa mawe au saruji unataka drili na plagi za plastiki. Msumari wa kawaida utapinda au utaanguka na plasta.

Anza na picha ya katikati ya ukuta, uende kulia na kushoto. Ukitoka katika kona mambo hayaishi sawasawa. Ukikosa pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama fremu imelala sawa, simu ina programu yake.

Maonyesho yakiisha, za watu zirudi kwanza, zikiwa zimepanguswa na picha zao ndani. Zako fungua zile skrubu, toa picha, uzihifadhi fremu mahali pakavu zikiwa zimesimama. Zote ni sentimita 40 kwa 55. Msimamizi akipiga simu tena Alhamisi, kazi yako itakuwa kuchapisha tu.